Idara zenu mnagawaje mzigo wa kufundisha? Hii ya kuhesabu vipindi tu inatuumiza

chakinyeupe

Wakuu habari za saa hizi. Swali langu ni kwa walioko vyuo vikuu, hasa waliowahi kuwa wakuu wa idara au kukaa kwenye kamati za ratiba.

Kwetu mzigo wa kufundisha unagawiwa kwa kuhesabu vipindi vya wiki, basi. Kila mhadhiri ana idadi ya vipindi anayotakiwa kufikisha, ukifikisha umemaliza, usipofikisha unaongezewa kozi. Ukiangalia jedwali unaona wote tuko sawa kabisa na ndiyo jibu tunalopewa kila tukilalamika, "angalieni jedwali". Sasa mimi nina kozi ya lazima ya mwaka wa kwanza, darasa linapita watu mia tatu, mwenzangu ana kozi ya kuchagua ya mwaka wa mwisho ina watu ishirini na kitu, na wote tumeandikiwa vipindi vitatu. Mitihani ikiisha yeye anamaliza kusahihisha mapema anarudi kwenye utafiti wake, mimi likizo yote inaisha kwenye karatasi alafu mwisho wa mwaka tunapimwa kwa machapisho, na hapo ndo naonekana mzembe.

Simlaumu mwenzangu hata kidogo, anafanya kazi yake vizuri. Shida ni kipimo. Na bado sijagusa usimamizi wa tasnifu, kukagua wanafunzi walioko mafunzo kwa vitendo, kuandaa kozi mpya kutoka sifuri, kuratibu programu, hivi vyote kwenye jedwali letu havipo.

Idara imetuomba mapendekezo kabla ya kikao kijacho. Naomba mnisaidie, kwenu mnahesabu nini na nini? Idadi ya wanafunzi mnaiingizaje? Na je mfumo wa kuhesabu saa za kazi zote una faida kweli au ni makaratasi tu?

---

ratibakuu

Mwalimu pole, hilo ni tatizo la karibu kila idara inayohesabu vipindi peke yake. Nimekuwa mkuu wa idara muda mrefu kwa hiyo nitaeleza jinsi tunavyofanya, utachukua linalokufaa.

Kitu cha kwanza kukubaliana na wenzako ni kwamba kila kozi ina kazi za aina mbili. Kuna kazi ambayo haibadiliki hata darasa likiwa na watu kumi au elfu: kuandaa mihadhara, kuingia darasani, kutunga mtihani, kupandisha notisi kwenye mfumo. Na kuna kazi inayokua na kila kichwa kinachoongezeka: kusahihisha, kujibu imeli, kusikiliza wenye matatizo, rufaa za matokeo, mitihani ya marudio. Vipindi vinapima nusu ya kwanza tu, tena kwa sehemu.

Chukua mfano wako. Muhula wa wiki 15, vipindi vitatu kwa wiki, wote mnapata saa 45 za darasani. Sasa weka dakika 20 kwa kila karatasi ya mtihani wa mwisho. Wanafunzi 300 ni saa 100. Wanafunzi 25 ni saa nane na dakika ishirini. Hizo saa 100 ni siku kumi na mbili na nusu za kufanya kazi masaa nane bila kuinuka, na hapo hatujaweka jaribio la kati wala insha. Peleka hesabu hiyo kwenye kikao kabla hujasema neno lingine lolote, maana watu wakibishana juu ya nani anachoka zaidi hamtafika popote ila namba hiyo kila mmoja anaweza kuirudia mwenyewe na kuona.

Kwetu kila kozi ina sehemu ya kudumu na sehemu ya kila mwanafunzi. Sehemu ya kudumu inapanda kozi ikiwa mpya au mtaala ukibadilishwa sana, inashuka ukiifundisha tena bila mabadiliko. Ukifundisha kundi la pili la kozi ileile unapewa saa za kuingia darasani lakini huhesabiwi maandalizi mara mbili. Sehemu ya kila mwanafunzi inategemea aina ya tathmini, insha ya kurasa kumi haiwezi kulingana na maswali ya kuchagua yanayosahihishwa na mashine. Hili la tathmini msilisahau, kuna watu walikuwa wanabaki na maswali ya kuchagua tu kwa sababu ukiweka insha hakuna anayekuhesabia, yaani jedwali baya lilikuwa linaamua hata wanafunzi wapimwe vipi.

Usimamizi wa tasnifu weka saa maalum kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, wa shahada ya kwanza kidogo, uzamili zaidi, uzamivu zaidi ya hapo, na weka kikomo cha idadi. Bila kikomo utakuta mtu mmoja amebeba nusu ya wanafunzi wa uzamivu wa idara na hakuna anayesomewa sura zake kwa wakati.

---

kalamu_nyekundu

Naongezea kwenye ya ratibakuu kwa sababu haya mambo nchi zingine yameandikwa hadi kwenye sheria na inasaidia kuona wenzetu wamefikia wapi.

Ufaransa mhadhiri mtafiti wa chuo cha umma kisheria anafundisha saa 192 kwa mwaka, zikihesabiwa kwa kipimo cha semina. Saa moja ya mhadhara mkubwa inahesabiwa saa moja na nusu ya semina, ndo maana ukifundisha mihadhara mitupu unaishia saa 128. Msingi wake ni agizo la serikali la mwaka 1984. Kinachonivutia zaidi ni kwamba hizo 192 zinachukuliwa kuwa nusu ya kazi ya mwaka, nusu nyingine ni utafiti, na mwaka wa kazi kule ni saa 1,607. Kwa hiyo nusu ni kama 803, ukigawanya kwa 192 unapata zaidi ya nne. Maana yake sheria yenyewe inakiri kwamba kila saa ya semina inabeba saa nne na ushee za kazi ukijumlisha maandalizi na kusahihisha. Nyie mkiandika kipindi kimoja mnaona saa moja tu.

Ujerumani wanahesabu vipindi vya dakika 45 kwa wiki. Profesa wa chuo kikuu kwa kawaida ana 8 au 9 kutegemea jimbo, wa vyuo vya sayansi tumizi ana 18, na akiwa mkuu wa kitivo anapunguziwa. Uingereza, vyuo vilivyopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1992 mkataba wao wa kitaifa unaweka kikomo cha saa 550 za kufundisha kwa mwaka na 18 kwa wiki. Marekani wanahesabu kozi, chuo kinachoegemea ufundishaji unaweza kukuta mtu ana kozi nne kila muhula, kile cha utafiti ni mbili. Australia utasikia sana 40, 40, 20, asilimia za kufundisha, utafiti na utumishi.

Ila angalieni kitu kimoja, karibu zote hizo ni vikomo vya vipindi au kozi, na tatizo la chakinyeupe linabaki palepale, kikomo cha 550 hakijui kama mbele yako wamekaa ishirini au mia tatu. Kinakulinda usiongezewe bila mwisho na hilo ni jambo kubwa, lakini hakilinganishi watu wawili ndani ya idara.

Jambo lingine kutoka Ufaransa. Mwaka 2009 vyuo viligoma kwa miezi na sababu moja kubwa ilikuwa mpango wa kuruhusu uongozi wa chuo kubadilisha mzigo wa mtu mmojammoja kulingana na tathmini ya utafiti wake. Wahadhiri walisoma maana yake mara moja, asiyechapisha ataongezewa vipindi, yaani kufundisha kunageuzwa adhabu. Mwisho agizo lililotoka lilisema mzigo haubadilishwi bila mhusika mwenyewe kukubali kwa maandishi. Nawasihi kwenye mapendekezo yenu mlikatae hilo wazi, kwa sababu ukishafanya darasa kuwa mahali pa kupeleka walioshindwa, wanafunzi ndio watakaolipa.

---

mtumishi_wa_takwimu

Mimi niko upande wa mashaka kidogo, niwieni radhi. Nimeona mfumo wa kuhesabu saa zote ukianzishwa kwa nia njema kabisa na baada ya miaka michache umekuwa jedwali lenye mistari mamia hakuna anayelielewa isipokuwa aliyelitengeneza.

Namna inavyokwenda ni hivi. Unaanza na saa za mwaka, tuseme wiki 44 za kazi kwa saa 37, unapata 1,628. Unagawa, 40 kwa mia kufundisha ni kama 651, utafiti vivyohivyo, utumishi 326. Safi. Alafu mnaingiza kazi zote kwa uaminifu mnakuta idara nzima imezidi, kila mtu ana saa 1,900. Sasa chuo hakina hela ya kuajiri. Kinachofuata? Hakuna anayepunguziwa kozi. Wanachofanya ni kupunguza viwango, kusahihisha karatasi kulikuwa dakika 30 sasa ni 20, kusimamia tasnifu kulikuwa saa 15 sasa ni 10, na mwaka unaofuata jedwali linaonyesha kila mtu ana 1,628 kamili. Hakuna aliyeanza kusoma karatasi haraka zaidi, kazi ni ileile, imefutwa tu kwenye hesabu. Na hapo hali ni mbaya kuliko mwanzo kwa sababu sasa ukisema umechoka unaonyeshwa namba.

Kwa hiyo ndugu chakinyeupe pigania hili kuliko kingine chochote, viwango vya kazi vikishawekwa visibadilishwe na uongozi peke yake. Vijadiliwe na idara, viandikwe, na vikibadilishwa iandikwe kwa nini. Jumla ikizidi iachwe ionekane imezidi. Ile namba iliyozidi ndiyo hoja yako ya kudai mtu mpya au kufuta kozi ya kuchagua isiyo na wanafunzi. Ukiificha huna hoja.

Alafu usitafute usahihi wa dakika. Mistari kumi mpaka kumi na tano inatosha. Watu wanaanza kudai robo saa kwa kila barua ya mapendekezo na ukifika huko muda wa kujaza jedwali wenyewe unahitaji mstari wake.

---

bintimhadhiri

Nimesoma yote mmeongea vizuri lakini naona tunazungumzia kozi na mitihani tu na kuna kazi kubwa haijaguswa.

Mwanafunzi amefiwa, mwanafunzi anataka kuacha chuo, mwanafunzi ananyanyaswa nyumbani, anakwenda kwa nani? Kwa idara nyingi anakwenda kwa mwalimu anayeonekana atamsikiliza, na mara nyingi ni mwanamke, au yule kijana wa mwisho kuajiriwa. Kamati ya sherehe ya mahafali, kuandika mihtasari ya vikao, kupokea wageni, kukusanya nyaraka za ithibati, angalieni majina yanayojirudia. Na hili si hisia tu, kuna utafiti wa Linda Babcock na wenzake uliotoka mwaka 2017 kwenye jarida la American Economic Review kuhusu kazi zisizompandisha mtu cheo, walikuta wanawake wanajitolea zaidi kwa kazi hizo, wanaombwa zaidi, na wakiombwa wanakubali zaidi kuliko wanaume. Zile saa zinatoka wapi? Zinatoka kwenye utafiti wake. Baada ya miaka mitano mwenzake ni mhadhiri mwandamizi yeye bado, na kamati ya kupandisha vyeo inauliza machapisho yako wapi.

Dawa iliyofanya kazi kwetu ni ndogo, tuliacha kuuliza "nani atajitolea" kwenye kikao. Kazi hizo ziliorodheshwa zote, zikapewa saa, zikawekwa kwenye mzunguko wa zamu. Ukimaliza zamu yako unapumzika. Ile ya kushauri wanafunzi ni ngumu zaidi kuihesabu nakubali, ila angalau gawaneni wanafunzi kwa idadi sawa ili kila mmoja ajue mlezi wake ni nani.

Na wahadhiri wa muda nao msiwasahau. Wanalipwa kwa kipindi au kwa kozi, kusahihisha mara nyingi kumefunikwa humohumo, na kwenye majedwali ya idara hawapo. Profesa akipata ruzuku ya utafiti ananunuliwa muda wake, kozi zake zinahamia kwa mtu wa muda, mzigo wa idara unaonekana umepungua kumbe umehamia kwa asiyehesabiwa. Sipingi watu kupata muda wa utafiti jamani, nataka jina la anayebeba ile kozi liandikwe na saa zake zilipwe.

---

chakinyeupe

Asanteni sana wote, kweli nimepata zaidi ya nilichouliza. Dada bintimhadhiri hilo la "nani atajitolea" limenigusa, kwetu ndivyo ilivyo na majina ni yaleyale matatu.

Nina swali moja kwa ratibakuu na mtumishi_wa_takwimu. Jedwali mnalitoa hadharani, yaani kila mhadhiri anaona mzigo wa mwenzake kwa jina? Mkuu wetu wa idara anasema akifanya hivyo ataleta vita ofisini.

---

ratibakuu

Kwa jina, ndiyo. Vita ipo mwalimu sitakudanganya, mwaka wa kwanza kikao kilikuwa kirefu na watu waliondoka wamenuna. Ila ile vita ilikuwepo siku zote, ilikuwa inapiganwa kwenye korido na kwa uvumi, fulani ni kipenzi cha mkuu, fulani hafundishi kabisa. Tulipoweka wazi nusu ya uvumi ulikufa siku hiyohiyo kwa sababu yule aliyedhaniwa hafanyi kitu alikuwa na wanafunzi wa uzamivu tisa ambao hakuna aliyekuwa anawajua. Na kuna mmoja ambaye kweli mzigo wake ulikuwa mwepesi, hakuna aliyemsema, mwenyewe alinifuata akaniambia muhula ujao nipe ile kozi kubwa.

Kama wanaogopa sana anzeni na namba bila majina, kila mtu ajue yake na aone amekaa wapi kati ya wenzake. Ila msiishie hapo, maana idara ya watu kumi na wawili kila mtu atakisia tu na kukisia ndiko kunakozaa chuki.

Kitu kingine kinachopunguza joto ni kutohesabu mwaka mmojammoja. Haiwezekani kila mwaka watu walingane, kozi kubwa ni kozi kubwa lazima mtu aibebe. Tunaangalia miaka mitatu kwa pamoja. Ukizidi mwaka huu ziada inaandikwa, inakuwa deni la idara kwako, na mwaka wa pili au wa tatu inalipwa kwa kupunguziwa kozi au kupata muhula mwepesi wa kuandika. Watu wanavumilia mwaka mzito wakijua unalipwa. Kinachowamaliza ni mwaka mzito unaofuatwa na mzito mwingine, na wa tatu, bila hata mtu kusema asante.

---

mtumishi_wa_takwimu

Naunga mkono hilo la miaka mitatu, mimi na mashaka yangu yote hapo sina pingamizi. Sharti moja tu, hilo deni liwe kwenye maandishi yenye saini kwa sababu wakuu wa idara wanabadilika, na mkuu mpya huwa hajui ahadi za aliyetoka.

---

kalamu_nyekundu

Na waajiriwa wapya wapunguziwe mwaka wa kwanza na wa pili kwa kiwango kinachojulikana, si kwa huruma ya mkuu. Kozi zote kwao ni mpya, kila muhadhara wanauandika kuanzia mwanzo, alafu ndo hao tunaowapa darasa la mia tatu kwa kuwa wakubwa wamelikimbia.

---

chakinyeupe

Sawa, nimeandika rasimu ya kupeleka kikaoni, naomba mniangalilie. Kila kozi iwe na saa za kudumu pamoja na saa za kila mwanafunzi kulingana na tathmini. Kozi mpya ipate maandalizi zaidi. Tasnifu zipewe saa na ziwe na kikomo kwa kila msimamizi. Kazi za utumishi ziorodheshwe na ziende kwa zamu. Wahadhiri wa muda wawe ndani ya jedwali. Waajiriwa wapya wapunguziwe. Mizania ya miaka mitatu, ziada kwa maandishi. Jedwali liwe wazi kwa wanaidara wote, viwango visibadilishwe bila kikao. Na mzigo wa kufundisha usitumike kama adhabu ya kutochapisha.

Idadi ya wanafunzi nimepanga tutumie ile ya wiki ya kwanza ya muhula.

---

ratibakuu

Rasimu ni nzuri, badilisha hapo mwisho tu. Wiki ya kwanza watu bado wanahama kozi, wengine hawajasajiliwa kwa sababu ya ada, utapata namba ya uongo, na kozi za mwaka wa kwanza ndizo zitakazopunjwa zaidi kwa sababu usajili wao unachelewa kuliko wote. Panga kwa makadirio ya mwaka uliopita ili ratiba itoke mapema, alafu rekebisha kwa idadi ya waliokaa kwenye mtihani, na tofauti ndiyo iingie kwenye ile ziada ya miaka mitatu. Wa marudio wahesabiwe pia, karatasi zao unazisahihisha wewe mwenyewe na kwa kawaida hakuna anayekumbuka kuziandika.

---

bintimhadhiri

Na chakinyeupe, omba saa za mtu atakayelitunza hilo jedwali ziandikwe humohumo, na asiwe mmoja wa wale watatu.